Kila Saa Mbili

Kununua trekta mpya hakutaki akili, kunataka mkopo tu. Akili inatakiwa kwa ile iliyozeeka, ile yenye umri wa kuitwa babu, na mtu aliyenifundisha kuichagua alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa dereva kwenye shamba moja la nyasi na mahindi nyuma ya Kitengela, mahali ambapo leo ukirusha jiwe linaanguka juu ya bati la mtu na unaitwa kwa chifu. Katikati ya miaka ya tisini ungerusha jiwe hilohilo likampata swala, na swala asingekuwa na pa kushtaki.

Mwenye shamba tulimwita Haji. Watu wake walitoka kaskazini mashariki, na yeye alikuwa na duka mjini pamoja na biashara ya ng'ombe: ananunua fahali waliokonda mpaka ungeweza kuhesabu mbavu zao ukiwa Namanga, anawalisha nyasi za shamba lake, anawauza wakiwa wamenona. Kwa ng'ombe jicho lake lilikuwa kali. Kwa chuma alikuwa kipofu, na alilijua hilo, sifa ambayo mimi nimeikosa maisha yangu yote. Kwa hiyo alipotaka trekta alimtuma shemeji akachague, na shemeji akanichukua mimi nimsindikize. Nilikuwa nimetoka Ukambani juzi tu, sina kazi, na mke wangu alikuwa amemwomba kaka yake anitafutie chochote cha kufanya, nisikae nyumbani nikimhesabia sufuria.

Tulienda kwenye shamba moja lililokuwa likifungwa, upande wa Machakos. Kulikuwa na trekta saba zimepangwa mstari kama watu wanaongoja kupimwa urefu. Moja ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya kuumiza macho, mpaka nati zilikuwa nyekundu. Nikaipenda papo hapo. Ningeioa.

"Hiyo imetoka saluni," shemeji akasema bila kuitazama. "Mtu wa umri huo akienda saluni, ujue kuna kitu anaficha."

Muuzaji alikuja amenyoosha mkono wa salamu. Shemeji akampita, akaenda kusalimia injini. Aliweka kiganja juu ya kila moja, taratibu, kama mama anayempima mtoto homa. Kwenye ile nyekundu kiganja kikakaa kidogo.

"Hii iko na joto," akamwambia muuzaji.

"Ni jua, mzee."

"Jua la saa moja asubuhi?"

Muuzaji akacheka, akaanza kukagua viatu vyake. Baadaye shemeji alinieleza: trekta ambayo imewashwa kabla wanunuzi hawajafika ni trekta ambayo mwenyewe anaogopa waione ikiamka. Trekta ya kweli unaikuta baridi, unaiacha ikohoe mbele yako, na unahesabu imekohoa mara ngapi.

Ile aliyoichagua ilikuwa ya buluu, buluu iliyopauka kama kaptula ya shule ya mwaka wa tatu, kiti chake kikiwa gunia limekunjwa. Ilikuwa baridi kama kaburi. Ikakohoa mara tatu, ikatoa moshi mweusi wa kutosha kuficha kata nzima, halafu moshi ukawa mwembamba na injini ikatulia. Shemeji akafungua kifuniko cha rejeta, akaangalia kama kuna mafuta yanaelea juu ya maji. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akainusa, akaisugua kati ya vidole, nusura ailambe. Mita ilisema trekta imefanya kazi masaa machache sana. Shemeji akainama akaangalia pedeli ya klachi, ikiwa imelika mpaka inang'aa kama kijiko.

"Mita mtu anaweza kurudisha nyuma," akasema. "Mguu umekanyaga hapa hauwezi kurudishwa."

Mwisho akainua plau juu, akazima injini, akaomba chai. Tulikunywa vikombe viwili viwili tukiiangalia ile plau ikining'inia hewani. Haikushuka hata kidole kimoja, yaani mikono ya kuinulia ilikuwa mizima. Hapo ndipo aliposalimiana na muuzaji.

Ubovu ulikuwepo, na aliuona. Rejeta ilikuwa imeshawahi kutoboka, ikazibwa kienyeji, na ilivuja polepole. Sindano ya geji ya joto ilikuwa imelala na haingeamka tena.

"Si bora ile nyekundu?" nikauliza.

"Hii ugonjwa wake nimeuona. Ile nyekundu ugonjwa wake siujui."

Tukaichukua, pamoja na nyingine ya aina hiyohiyo iliyokuwa imekufa, ya kuliwa. Ndivyo alivyosema: ukinunua trekta kuukuu, nunua mbili, moja ya kufanya kazi na moja ya kuliwa. Stata ikifa unaitoa kwa maiti. Bomba likipasuka, vivyo hivyo. Miaka michache baadaye ile ya pili ilikuwa imebaki mifupa na usukani, kuku wa shamba wakitagia mahali palipokuwa na sanduku la gia.

Udongo wetu ni ule mweusi. Ukinyeshewa unakuwa uji, ukikauka unakuwa saruji, na katikati ya hizo hali mbili una siku mbili hivi za kulima kama binadamu. Shemeji aliilima hiyo ardhi na ile trekta miaka na miaka bila hata saa mkononi. Desturi yake ilikuwa hii: mizunguko sita, halafu anasimama mwisho wa mstari. Anashuka. Anasikiliza. Ananusa. Anafungua kifuniko cha rejeta kwa gunia lililolowa, anaongeza maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki, anangoja kidogo, anapanda. Maasai jirani yetu aliyechunga ng'ombe wake kandokando ya shamba alikuwa na mzaha wake kila siku: "Sopa, mzee. Umeleta ng'ombe ya chuma kwa kisima?" Na shemeji anaitikia salamu hiyo ya Kimaasai, "Ipa. Hii haiendi kwa kisima, kisima ndicho kinakuja kwake." Walicheka kila siku kwa mzaha uleule, watu wazima wawili, kana kwamba ndiyo kwanza wameusikia.

Mimi nilianza kwa kufunga nyasi. Jioni nikajiunga na ngumbaru, masomo ya watu wazima, katika darasa la shule ya msingi pale mjini, tukikalia viti vya watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa sambamba na masikio. Nilisoma miaka mingi kuliko ilivyochukua kujenga reli. Nilipopata cheti cha kidato cha nne nilitembea nacho mwezi mzima. Nilienda nacho hata kunyolewa. Shemeji alinichinjia kuku, akaniambia mbele ya watu, "Sasa na sisi tuko na mtu." Haji naye akanifanya karani wa shamba, halafu msimamizi, na ndivyo nilivyojikuta mkubwa wa mtu aliyenileta.

Siku moja Haji alinishika pale langoni, ndani ya pikapu yake, injini ikinguruma.

"Karani, kila nikipita barabarani naona tinga imesimama. Ng'ombe ikisimama inakula. Hiyo ikisimama inafanya nini?"

"Inawekwa maji, Haji."

"Mara ngapi kwa siku?"

Sikujua. Hakuna aliyejua, maana hesabu ilikuwa ndani ya masikio ya shemeji. Kusema sijui lilikuwa jambo nililokuwa nimeliacha ngumbaru.

"Nitaiwekea ratiba," nikasema.

Nilipasua kartoni ya sabuni, nikachukua biro ya buluu, na kwa mwandiko wa kutosha kusomwa kutoka Kajiado mjini nikaandika amri nne. Moja, dizeli kila asubuhi. Mbili, grisi kila Jumatatu. Tatu, maji ya rejeta KILA SAA MBILI. Nne, hakuna kusimama bila sababu. Nilikuwa nimefanya hesabu yangu: mizunguko sita yake ilikuwa karibu saa moja, na nikaona saa mbili zinatosha, tupunguze hizi safari za kisimani. Nikaitundika kwa waya kwenye ukuta wa stoo, nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Shemeji alifika darasa la tatu, akatolewa kwenda kuchunga mbuzi. Alisoma kwa kidole na kwa midomo. Alisimama mbele ya kadibodi yangu ameshika kofia mkononi.

"Maji ya rejeta," akasoma. "Kila. Saa. Mbili."

"Kila saa mbili," nikamwitikia.

"Hata Jumapili?"

"Hata Krismasi," nikamwambia, na nikacheka sana, maana Jumapili trekta ililala na hakuna aliyeigusa. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu mfukoni na kuhakikisha kimefika chini.

"Na hii ya nne?"

"Haji anapita barabarani, shemeji. Anaona imesimama."

"Sawa, karani," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Jumapili iliyofuata nilipita stoo asubuhi nikamkuta amevaa suti yake ya kanisa, ameshika mtungi, anaangalia maji ya trekta iliyolala.

"Shemeji," nikamwambia, "unaibatiza?"

"Si ndivyo umesema?"

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Nilimsimulia mke wangu, naye akacheka, akasema kaka yake akipenda kitu hupenda kwa ujinga. Jumapili ya pili alikuwepo tena, na ya tatu. Alikuwa akitembea kwa miguu kutoka kwake, mwendo wa karibu saa nzima, anaangalia maji, kisha anageuka kwenda ibadani. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na cheti.

Msimu ule ulikuwa wa baridi, na trekta ilikuwa ikivuta trela la nyasi tu, kazi nyepesi. Maji hayakupungua sana. Haji alipita barabarani akaona chombo kinatembea, akanipungia mkono. Kisha ukaja mwezi wa kumi, jua likawa la kukaanga mayai kwenye boneti, ardhi ikawa saruji, na Haji akataka ipasuliwe yote kabla mvua haijafika. Shemeji akafunga plau.

Siku ya tatu ya kulima, saa saba mchana, nilimwona akija stoo kwa miguu. Dereva wa trekta akija kwa miguu katikati ya kazi huhitaji kuuliza. Alikuwa amekunja kofia yake mikononi kama kitambaa cha kukaushia vyombo.

"Imenoki," akasema.

"Imenoki vipi?"

"Imeshikana. Maji yameisha, hedi ya injini imepasuka. Nimesikia mlio wake."

"Uliangalia maji saa ngapi?"

"Saa mbili. Kama ulivyoandika."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ni kesho." Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jina la baba yake. "Nilisikia harufu, shemeji. Kama saa tano hivi nilisikia harufu, nikataka kusimama. Nikakumbuka ile namba nne."

Hapo ndipo zile Jumapili zilinirudia zote kwa mpigo. Alikuwa anakuja saa mbili. Kila siku ya Mungu, saa mbili asubuhi, watoto wakiwa darasani na umande ukiondoka, alifungua rejeta kama nilivyoamuru. Mimi niliandika saa mbili za kuhesabu, kutoka hapa hadi pale. Yeye akasoma saa mbili ya asubuhi, na alisoma sawasawa. Ile kadibodi ungempelekea mwalimu yeyote kutoka Rombo mpaka Kitengela, angesoma kama shemeji. Yalikosekana maneno mawili tu, "baada ya," na mtu aliyeyakosa ni yule aliyekuwa na cheti.

Shemeji alirudi shambani akafungue boneti. Haji alikuwa njiani. Mtu alikuwa ameshapeleka habari dukani. Nikabaki peke yangu na ule ukuta. Biro ilikuwa mfukoni, ileile ya buluu. Herufi zangu za siku hizo zilikaa mbalimbali kama maboma ya Kajiado, na kati ya KILA na SAA nilikuwa nimeacha nafasi ya kupitisha mkokoteni. Nikaandika BAADA YA. Herufi saba. Nikapuliza wino ukakauka, nikachota vumbi dirishani kwa kidole nikalipitisha juu yake, lifanane na mengine. Ningependa kusema kwamba nilitetemeka. Ule ndio mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Haji alipofika hakuenda kwanza kwenye trekta. Alikuja stoo, shemeji akafuata nyuma yake.

"Mzee, maji uliangalia saa ngapi?"

"Saa mbili, Haji. Vile karatasi inasema."

Haji akasogea ukutani, akasoma kwa sauti. "Kila baada ya saa mbili. Basi ni saa mbili, saa nne, saa sita. Wewe uliangalia mara moja."

"Haisemi hivyo."

"Njoo usome."

Kidole cha shemeji kikapanda kwenye kadibodi, cheusi kwa oili. Kikapita KILA. Kikafika BAADA, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena, kikasimama palepale.

"Haya maneno hayakuwa hapa," akasema.

"Mimi nayaona yako hapa."

"Hayakuwa, Haji. Uliza huyu. Si yeye ndiye ameandika?"

Wakaniangalia wote wawili. Kuku mmoja alikuwa akipiga kelele nje kwenye mifupa ya ile trekta nyingine, na nakumbuka niliona heri niwe yule kuku.

"Shemeji," nikasema, kwa sauti ya upole ambayo nikiikumbuka leo natamani kuitapika, "ni macho tu. Ni umri."

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningevumilia. Badala yake alinitazama kwa imani, imani ileile ya siku ya kuku wa cheti, halafu akaitoa kadibodi ukutani, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Labda," akasema. "Labda sikuyaona."

"Sasa ni ipi?" Haji akauliza. "Hayakuwa, ama hukuyaona?"

Shemeji akairudisha kadibodi kwenye waya wake. Haji hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema chuma kinavunjika, hiyo ni kazi ya chuma. Lakini mtu asimame mbele yake amwambie maneno anayoyaona kwa macho yake hayapo, mtu huyo hawezi kumwachia mali yake. Jioni hiyo shemeji alikuwa ameshaondoka na gunia lake, lile la kufungulia rejeta.

Nyumbani nilisimulia vile ilivyokuwa, yaani vile nilivyotaka iwe. Mke wangu akaniamini. Ninasema hili polepole kwa sababu ndilo lililonigharimu zaidi baadaye: hakusita hata kidogo, hakuuliza mara mbili. Kaka yake alipokuja kula kwetu, alimpakulia muthokoi, akamngoja aanze, kisha akamwambia.

"Kaka, ungekubali tu. Ameandika vizuri, ni wewe hukusoma vizuri. Hiyo si aibu. Aibu ni kusema hayakuwa."

"Wewe unasema yalikuwa?"

"Mume wangu ameniambia."

Shemeji aliniangalia. Mimi nilikuwa nikitafuta chumvi, ambayo ilikuwa mbele yangu. Akaweka sahani chini, akasema asante kwa chakula, akatoka. Hakukanyaga tena mlango wetu. Mke wangu alilia, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Haji akanituma nikachague trekta nyingine. Peke yangu. Niliipata siku hiyohiyo, imepakwa rangi mpya, mita yake ina masaa machache kama umri wa mtoto mchanga. Nilimuuliza muuzaji kwa nini injini ina joto, akasema aliiwasha mapema nisisumbuke kungoja. Nikaona ni mtu mwenye adabu. Plau ilishuka kabla chai haijamiminwa, nikajiambia hiyo ni kawaida ya plau nzito. Ile trekta ilifanya kazi wiki sita, na tatu kati ya hizo ilikuwa inasukumwa. Siku ilipokufa kabisa, Haji alikuja akasimama kando yake.

"Unajua," akaniambia, "yule mzee angesema tu, Haji nimesahau, angekuwa hapa mpaka leo. Mimi ningenunua hedi nyingine tuendelee."

Kwa hiyo mimi pia angenisamehe. Nilikuwa nimemchinja mtu kwa kuogopa kofi ambalo halikuwepo.

Ungedhani hapo ningefungua mdomo. Nilisema, "Ni kweli, Haji." Na haikuishia hapo. Alikuja mtu kutoka Mashuuru, mwenye shamba la vitunguu na trekta kuukuu, akitafuta dereva anayejua za zamani. Alikuwa ametajiwa shemeji, akaja kuuliza habari zake kwa Haji. Tulikaa chini ya kibanda cha nyasi, mimi nikimimina chai.

"Kwa trekta hakuna kama yeye," Haji akamwambia. "Lakini si mkweli."

Yule mtu akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda zake. Niliimimina ile chai bila kumwaga tone.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza kukimbia, Kitengela ikakimbia nayo. Watu walikuja na kamba za kupimia, mawe ya mipaka yakapandwa mahali tulipopanda mahindi, na Haji, ambaye alijua kuuza kitu kikiwa kimenona, akauza shamba kwa vipande. Trekta zote, ile ya buluu na ile yangu ya saluni na mifupa ya ile ya kuliwa, zilinunuliwa na watu wa vyuma chakavu. Walizikata kwa gesi palepale. Mimi nikapewa mkono wa kwaheri.

Baada ya hapo ndipo nilipoenda kumwona shemeji. Ujasiri wangu ulifika siku ambayo haukuwa na gharama tena.

Alikuwa kwenye machimbo ya mawe, anachonga mawe ya kujengea, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi. Shingoni alining'iniza miwani kwa uzi, ile inayouzwa kando ya barabara ukijaribu moja baada ya nyingine. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Biro, herufi saba, vumbi la dirishani. Alisikiliza huku patasi ikiwa juu ya jiwe.

"Sasa hiyo unanipa niifanyie nini?" akauliza nilipomaliza. "Haji ameuza. Tinga imekatwa. Yule wa Mashuuru alipata dereva kitambo."

"Nilitaka ujue."

"Mimi nilijua." Akashika miwani, akaifuta kwa shati, vumbi juu ya vumbi. "Nilijua hayakuwa. Nilijua kama wiki moja. Halafu dada yangu akaniambia yalikuwa, nikaacha kujua. Ndiyo nikanunua hii." Akaiachia ikaning'inia. "Yeye anajua?"

"Bado."

"Mwambie. Usimwandikie. Mwambie na mdomo."

Akapiga patasi. Nilingoja kidogo nione kama kuna la ziada. Alikuwa ameshahamia jiwe lingine.

Nilimkuta mke wangu akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia na mdomo. Mkono wake haukuacha kutoa mawe, mpaka nilipofika kwenye herufi saba, hapo uliacha. Aliniuliza swali moja.

"Na mimi nilimwambia nini siku ile?"

Nikasema sikumbuki.

"Mimi nakumbuka," akasema.

Akajifunga leso, akaacha ungo mezani nusu umechaguliwa, akaenda kwa kaka yake. Alikaa huko mpaka mahindi ya watu yalipokauka shambani. Waliyoongea siyajui. Alirudi mwenyewe bila kuitwa, akawasha moto, akauliza chumvi iko wapi. Shemeji mpaka leo haji kwetu. Yeye ndiye huenda, kila Jumapili, na chakula kwenye bakuli.

Nisiseme ananinunia. Tunaishi. Mizaha yangu bado anaicheka, ile mizuri. Cheti changu bado kiko ukutani ndani ya fremu, yeye ndiye anayekipangusa. Lakini yeye hakusoma, na siku hizi ako na simu, na meseji ikiingia anajifunga leso, anavuka barabara mpaka kwa jirani ili asomewe, jua liwe kali au mvua iwe inanyesha. Mara ya kwanza nilimwambia, "Lete hapa nikusomee, mimi si niko?"

"Hapana," akasema, na simu ikiwa kifuani. "Hii nataka vile imeandikwa."